Sabuni kwa Lugha za Jirani

Jumatatu, tarehe kumi na nne Machi, 1977. Asubuhi hiyo ukungu ulishuka juu ya kilima cha Kibuli, Kampala, mpaka mnara wa msikiti ukaonekana umekatwa katikati, na manyunyu yalikuwa membamba hata mtu asijue kama ni mvua au ni hewa yenyewe iliyochoka kukaa kavu. Kwenye kamba ya Akwero mashuka yalining'inia tangu jana yake, mazito, yakidondosha tone moja moja, kama watu waliopangwa mstari wakingoja kuitwa majina.

Akwero alikuwa dobi. Neno hilo, Mwalimu Barnabé aliwahi kuwaambia darasani, lililetwa na Wahindi, na lilibaki hata baada ya Wahindi wenyewe kufukuzwa. Kwa mwalimu yule kila neno lilikuwa msafiri. Alikuwa mkimbizi kutoka Bunia, Kongo, mtu mwembamba mwenye koti moja la kijivu, naye alifundisha watu wazima kusoma na kuandika Kiswahili katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, upande wa Mengo. Akwero alijiunga na darasa lake katika umri ambao wenzake walikuwa wakilea wajukuu. Alishika kalamu kama anayeshika mkia wa nyoka, lakini alisali kabla ya kila ukurasa, na kurasa zilianza kumtii.

Juma lililopita mwalimu aliwapa kazi. Kila mmoja achague neno moja la kazi yake, alipeleke kwa majirani kama mtu anayeomba moto wa kuwashia jiko, aulize wao hulitamkaje, kisha aje alisimulie. "Neno limetembea kuliko sisi," alisema. "Liulizeni lililala wapi."

Akwero hakuhangaika kuchagua. Alichukua sabuni.

"Sisi Wanubi tunasema sabun," Maimunah alimwambia asubuhi hiyo. Maimunah alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, naye alikuwa ameketi chini ya upenu akisuka kawa la majani ya rangi. "Bibi yangu alikuja nalo kutoka Sudani, pamoja na ugomvi wake."

"Waganda wanasema ssabbuuni. Sisi Waacholi, cabun."

"Na yule Mkongo wenu?"

"Mwalimu anasema kwa Kifaransa ni savon."

Maimunah alicheka mpaka kawa likamtoka mkononi. "Basi, dada yangu, umesumbuka bure. Dunia nzima inalijua neno. Kitu chenyewe ndicho hakipo!"

Hilo lilikuwa kweli. Maduka ya Kampala yalikuwa na rafu tupu na wenye maduka waliokodoa macho. Wanawake walifua kwa majani ya mpapai na maji ya majivu, na nguo nyeupe za mji mzima zilikuwa zimegeuka rangi ya meno ya mzee. Lakini Akwero alikuwa na sabuni. Aliipata kutoka nyumba moja ya Kololo, nyumba ya mawe iliyoachwa na Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambamo sasa alikaa afande mmoja. Afande hakumlipa kwa shilingi; alimlipa kwa miche ya sabuni, ya njano, mizito, yenye harufu ya maua. Akwero aliikata vipande kwa uzi na kugawa: kipande kwa Maimunah, kipande kwa mke wa mchungaji, kipande kwa Anena, mwanafunzi mwenzake. Darasani walimtania kwa jina la wale waliotajirika ghafla kwa maduka ya Wahindi: "Huyu ndiye mafuta mingi wetu!" Naye usiku alipiga magoti na kumshukuru Mungu kwa sabuni kwa sauti ile ile aliyomshukuru kwa pumzi.

Gari la jeshi lilisimama njiani. Maimunah aliinamia kawa lake, kicheko kikamezwa.

Aliyeshuka alikuwa Santo, askari kijana kutoka ng'ambo ya Nile, mtumishi wa nyumba ile ya Kololo. Naye pia alikuwa mwanafunzi wa Barnabé. Alikaa benchi la nyuma, kofia magotini, akijifunza herufi ili asome katekisimu. Na kila alipoingia, watu wa benchi lile walikumbuka kwamba wanaona vizuri zaidi wakikaa mbele.

"Jambo, mama!" Alitua furushi kubwa barazani. "Leo nguo iko mingi. Afande nasema kesho asubuhi iko tayari."

"Na mvua hii, mwanangu? Jua nitalitoa wapi?"

"Mimi najua? Afande akisema jua itoke, natoka." Alicheka peke yake. Kisha akaweka miche miwili ya sabuni juu ya jiwe la kufulia, akainama karibu, sauti yake ikawa ya mtoto anayeomba. "Ile shati nyeupe, ya chini kabisa, iko yangu. Nilipewa zawadi. Iko na doa kidogo kwa shingo. Safisha muzuri, mama. Nataka vaa siku ya Pasaka."

"Nitaisafisha."

"Jioni tutaonana darasani. Mimi neno yangu iko tayari: bunduki!" Akaondoka akipiga mluzi.

Akwero alianza na shati la Santo, kwa sababu alimhurumia kijana yule na Pasaka yake. Alilitumbukiza katika beseni, akaupaka ukosi sabuni, akafikicha kitambaa kwa kitambaa kama alivyofanya maisha yake yote, macho yakiwa mbali, midomo ikijizoeza maneno ya jioni. Sabun. Ssabbuuni. Cabun. Povu liliinuka jeupe, likawa la waridi, likawa la kahawia kama maji ya kuoshea maini. Harufu ya maua ilipanda, na chini yake ikapanda harufu nyingine, ya chuma cha zamani. Akwero hakustuka. Aliwahi kukutana na madoa kama hayo katika nguo za nyumba ile, zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza aliuliza, akaambiwa afande ni mwindaji. Aliamini. Imani haikumgharimu kitu, na sabuni ilikuwa nzuri.

Ndipo kidole gumba chake kilipogusa uzi.

Kila dobi ana alama zake. Ndani ya ukosi, mahali ambapo hakuna anayetazama, Akwero hushona nyuzi chache ili nguo za mteja mmoja zisipotelee kwa mwingine. Alama hizo hazisomwi na mtu ila yeye na wa nyumba ya mwenye nguo. Na hii iliyokuwa chini ya kidole chake, nyuzi tatu nyekundu zilizokutana penye kisigino kimoja, alikuwa ameishona mwenyewe kwa ajili ya seremala aitwaye Okullo. Okullo ndiye aliyeichagua, akiwa amesimama palepale barazani na vumbi la mbao nyusini. "Nipe mguu wa kuku, mama," alisema, hata Maimunah akacheka. "Hata nikipotea, nitaparura njia mpaka nirudi."

Okullo alikuwa mume wa Anena. Watu wasiojitaja walimchukua karakanani kwake mwezi wa Februari, mchana kweupe, akiwa na randa mkononi. Tangu siku hiyo Anena hakuwa mke wala mjane. Hakunyoa nywele, hakulia matanga, hakuwapelekea wakwe zake kule Pajule, kaskazini, habari yoyote, kwa kuwa habari hakuwa nayo. Kila jioni alipakua sahani mbili. Alikuja darasani akaketi benchi la mbele kabisa, mahali pa Okullo, aliyesoma pamoja naye, pakiwa wazi kando yake, na hakuna aliyethubutu kupakalia.

Akwero aliinua mikono kutoka kwenye beseni. Povu lilikuwa limemfika kwenye viwiko, likipasuka taratibu kwa sauti ndogo, kama kitu kinachonong'ona. Aliitazama mikono hiyo kana kwamba amemkuta mtu mwingine ameivaa. Kisha akakimbilia mfereji, akatapika uji wa asubuhi, na alipokwisha uji akatapika uchungu wa kijani, na hata uchungu ulipokwisha mwili uliendelea kukamua, ukitafuta kitu kingine cha kutoa.

Maimunah alimshika kiuno. Aliona shati, akaona vidole vya Akwero vikionyesha uzi, na hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Lifue," alinong'ona. "Nisikilize, dada yangu. Lifue, lipige pasi, mpe kijana. Hukuona kitu. Mimi sikuona kitu. Kawa langu halikuona kitu."

"Nimekwisha kulifua nusu."

"Basi malizia nusu."

"Anena je?"

Maimunah alitazama njiani kabla ya kujibu. "Anena yu hai. Wewe u hai. Wallahi, mwaka huu hiyo peke yake ni kazi ya kutosha."

Hakusema kwa ubaya, na Akwero alijua. Lakini alipojaribu kurudi kwenye beseni, harufu ilimkabili kama mkono kifuani. Haikuwa ile ya damu. Damu ya mtu ni kitu cha heshima. Alikuwa ameosha wazazi, na watoto, na marehemu mumewe. Kilichomkirihi kilikuwa maua. Harufu ile tamu ilikuwa kwenye khanga yake, kwenye mto wake, katika kitambaa cha madhabahu alichokifua kwa kujitolea, kwenye vidole alivyokuwa akivifumbata kila usiku kuomba. Alikumbuka shukrani zake zote, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimrudia kinywani ikiwa imeoza. Alikuwa amepiga magoti na kumtolea Mungu hongo ya mwuaji, kisha akasema amina.

Alijaribu kusali. Maneno hayakuja. Akachukua majivu jikoni akajisugua mikono mpaka ngozi ikawaka, akanusa: bado maua. Akasugua tena.

Katika kusugua huko ndipo mama yake alipomjia akilini. Si uso, bali mikono yake, ikimenya kijiti cha opobo kando ya kisima. Opobo ni mti mdogo wa porini. Ukimenya ganda lake na kulipondaponda majini, hutoa ute unaoteleza, na kwa ute huo bibi zake waliosha nguo za ngozi na vichwa vya watoto kabla mtu yeyote wa kwao hajasikia neno cabun. Kulikuwa na kazi nyingine pia ya kijiti kile. Mtu aliyekaa mbali muda mrefu, hata akaonekana amepotea, hakuingia nyumbani hivihivi. Walimwekea langoni kijiti cha opobo na yai bichi, akalikanyaga yai likapasuka, na uchafu wa huko alikotoka ukabaki nje. Ndipo walipomkumbatia.

Aliliondoa shati katika beseni. Hakulisuuza. Alilikamua, akalikunja likiwa na unyevu wake, doa likiwa juu, akalifunga katika khanga. Miche miwili ya sabuni aliiacha juu ya jiwe, manyunyu yakiiyeyusha.

*

Jioni ukumbi ulinuka makoti ya mvua, mafuta ya taa na, kwa mbali, sabuni. Madirisha yalikuwa bado na mwanga. Siku hizo darasa la jioni lilianza mapema ili kila mtu awe ndani kwake kabla ya giza, maana giza lilikuwa na wenyewe. Anena alikuwa mbele, kando ya nafasi tupu. Santo alikuwa nyuma, amechana nywele.

"Bon," alisema Barnabé, akisugua viganja. "Nani anatufungulia? Mama Akwero? Wewe mwenye mali!"

Watu walicheka. "Mafuta mingi!" mtu mmoja aliguta. Akwero alisimama, khanga iliyofungwa ikiwa kifuani kama mtoto.

"Neno langu ni sabuni," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukatika. "Nimeuliza. Mnubi anasema sabun, Mganda ssabbuuni, Mfaransa savon. Muuza vitenge kutoka Kongo kaniambia sabuni, kama sisi. Kwetu ni cabun."

"Unaona!" Barnabé alifurahi, akageukia ubao. "Ni mtu mmoja huyu, amebadilisha kofia tu. Waarabu walisema sabun, wakalipeleka pwani, na watu wa bara wakalipokea. Waarabu walilipata kwa Wagiriki, nao Wagiriki kwa Warumi, waliosema sapo. Na Warumi, husemekana, walilikuta kwa watu wa nchi za baridi, waliochanganya mafuta ya mbuzi na majivu, wakapaka nywele zao ziwe nyekundu. Hata si kwa kuoga! Kwa kujipendeza."

"Mafuta na majivu," Akwero alisema.

"Ndiyo, mama. Mafuta na majivu."

"Mafuta ya kilichochinjwa, na majivu ya kilichoungua. Leo nimejua kwa nini inanuka."

Kicheko kilichokuwa kikijiandaa benchi la pili kilikufa. Barnabé aliishusha chaki. Alikuwa mkimbizi, na masikio ya mkimbizi husikia mlango kabla haujabishwa. "Vizuri sana, mama," alisema polepole. "Inatosha. Kaa."

"Mwalimu, sijamaliza. Kwetu tulikuwa na neno jingine kabla ya hili. Opobo." Alieleza mti ule, ute wake, yai la langoni. Alieleza kwa makini, kama alivyofundishwa, akimaliza kila sentensi kabla ya kuanza nyingine. "Neno hili nimeuliza Kibuli yote, hakuna anayelijua. Halikupanda meli, halikuja na jeshi wala na duka. Lilikaa nyumbani kungoja watu warudi."

Anena alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa Mwacholi, neno lile alilijua tangu tumboni.

Akwero alimwendea. Aliweka khanga mezani mbele yake na kuifungua. "Mwanangu," alisema, "nililetewa hili asubuhi, nilifue. Nilianza kulifua kabla sijajua. Angalia ndani ya ukosi."

Anena hakuangalia. Aliingiza vidole tu, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu chini ya mto wa aliyelala, vikafika, vikasimama. Alilaza shavu lake juu ya kitambaa kile chenye unyevu, penye nafasi ya Okullo, na mgongo wake ukaanza kutikisika.

Nyuma benchi lilikwaruza sakafu. Santo alikuwa amesimama, kofia ikimdondoka. "Hiyo ni shati yangu," alisema, kisha akasikia alichosema. Uso wake ulibadilika, ukawa mchanga kuliko umri wake. "Mama, mimi nilipewa. Walileta gunia, kila mtu akachukua. Mimi siku hiyo nilikuwa jikoni. Naapa kwa Bikira."

Barnabé alikwenda akaufunga mlango, akauegemea kwa mgongo, na ilikuwa vigumu kujua kama anamzuia mtu kutoka au kuingia.

"Mama." Santo alisogea hatua, akajikuta hana mahali pa kuweka mikono. Aliinua moja puani, bila kujua, akainusa, akaishusha haraka. "Kesho asubuhi nakuja kuchukua nguo. Afande atauliza. Nitamwambia nini?"

Akwero alimtazama. Kwa siku nzima alikuwa ametafuta ndani yake huruma ile ya asubuhi, ya kijana na Pasaka yake, na hakuipata. Alipata kinyaa tu, kizito kama nguo mbichi. Lakini kinyaa hicho hakikuwa na macho ya kumchagua Santo peke yake. Kilimjumuisha Akwero mwenyewe, na vipande vyote alivyovigawa, na vicheko vya mafuta mingi, na ukumbi huu mzima unaonuka usafi.

"Utamwambia unachoweza kukisema ukiwa hai," alijibu. "Nguo zake ziko barazani, hazijaguswa. Sabuni yake iko juu ya jiwe, kama mvua imeibakiza."

"Na mimi? Mimi nimekuona. Nimesikia."

"Ndivyo ninavyotaka, mwanangu. Shahidi hachaguliwi kwa kupendwa."

Akaweka mkono wake, mwekundu kwa kusuguliwa majivu, juu ya mgongo wa Anena. Mkono mwingine aliuinua kidogo, kama afanyavyo kanisani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi maneno yalikuja bila kutafutwa, naye aliyasema kwa sauti, polepole, ili hata wa benchi la nyuma asiseme hakusikia.

"Mbele za Mungu, na mbele yenu ninyi nyote, na mbele yako wewe Santo. Kile nilichokwisha kukiondoa kwenye shati hili, Bwana anisamehe. Kilichobaki sitakifua. Anena, nitapanda basi pamoja nawe, tutapita vizuizi vyote, na daraja la Karuma, mpaka langoni kwa mama mkwe wako kule Pajule. Opobo nitaikata mwenyewe, na yai nitaliweka mwenyewe. Nitamfikisha Okullo nyumbani kama alivyo."